Kocha Hapimwi kwa Siku Aliyofukuzwa: Majibu kwa Madai Sita Dhidi ya Ralph Krueger

Ralph Krueger alizaliwa Winnipeg, Kanada, mwaka 1959, na wazazi wenye asili ya Ujerumani. Alicheza hoki ya barafu Ujerumani, akafundisha Austria, akaiongoza timu ya taifa ya Uswisi kuanzia 1997 hadi 2010, akarudi Kanada kuinoa Edmonton Oilers, akaenda Uingereza kuwa mwenyekiti wa klabu ya soka ya Southampton, kisha akatua Marekani kuifundisha Buffalo Sabres. Huko Buffalo alitupiwa virago Machi 2021, timu yake ikiwa imecheza mechi 12 mfululizo bila kuonja ushindi. Tangu hapo jina lake limekuwa ushahidi wa haraka kwa kila anayetaka kudai kwamba kocha aliyeivia ughaibuni hana lake katika NHL, ligi kubwa kuliko zote za mchezo huo.

Madai hayo nayapinga, na nitayajibu moja baada ya jingine. Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam asidhani kwamba habari za barafu hazimhusu. Kila aliyekesha akimtazama Victor Wanyama akikaba viungo wa Ligi Kuu ya Uingereza akiwa na jezi ya Southampton kuanzia Machi 2014 hadi 2016, alikuwa akiitazama klabu iliyoongozwa na mtu huyu. Isitoshe, mazoea ya kumhukumu kocha kwa pasipoti yake na kwa matokeo ya mwezi wake wa mwisho tunayo hata sisi. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Krueger alicheza na kufundisha kwa watu miaka mingi, na aliporudi kwao alipokewa kama mgeni.

Kipimo changu ni kimoja: kocha alikuta nini, na aliacha nini? Kipimo hiki hakimpendelei Krueger. Kuna mahali kitamtetea kwa nguvu na kuna mahali kitamhukumu, na kote huko nitakifuata.

Kwa asiyeujua mchezo, yafaa kueleza machache. Kila timu huwa na watu 6 barafuni, akiwemo mlinda mlango, wakigombea kisahani kigumu cheusi kwa magongo. Mechi ina vipindi 3 vya dakika 20. Mchezo ni wa kasi mno, hivi kwamba wachezaji hupokezana kila baada ya muda usiofika hata dakika moja, mara nyingi bila mwamuzi kusimamisha lolote. Kocha ndiye anayeamua nani aingie lini, dhidi ya nani, na kwa jukumu gani.

Dai la kwanza: Hakuwahi kucheza NHL, kwa hiyo hawezi kuwafundisha wanaoicheza

Sehemu ya kwanza ya dai ni kweli. Krueger aliichezea timu ya taifa ya Ujerumani Magharibi na klabu za Ujerumani, lakini NHL hakuicheza hata mechi moja. Tatizo ni hitimisho linalotolewa hapo, kwa sababu historia ya ligi yenyewe inalikanusha.

Scotty Bowman ametwaa Kombe la Stanley, taji la ubingwa wa NHL, mara 9 akiwa kocha mkuu: mara 5 na Montreal, mara 1 na Pittsburgh, mara 3 na Detroit. Hakucheza NHL, jeraha la kichwa alilolipata ujanani lilizima ndoto hiyo. Mike Babcock alitwaa kombe hilo na Detroit mwaka 2008, kisha akaipa Kanada dhahabu ya Olimpiki mwaka 2010 na 2014. Naye hakucheza NHL. Jon Cooper alikuwa wakili kabla ya kuugeuza ukocha kuwa kazi ya maisha, akaipa Tampa Bay ubingwa mwaka 2020 na tena 2021.

Upande wa pili yupo Wayne Gretzky, ambaye wengi humhesabu kuwa mchezaji bora wa zama zote, mwenye mabao 894 katika msimu wa kawaida wa NHL. Aliifundisha Phoenix misimu 4, kuanzia 2005 hadi 2009, na hakufika hatua ya mchujo hata mara moja. Hili halimshushi hadhi Gretzky. Linaonyesha tu kwamba kucheza na kufundisha ni kazi mbili tofauti. Mwenye kipaji cha juu huona nafasi kabla haijafunguka, na mara nyingi hawezi kumweleza mwingine ameionaje. Aliyelazimika kujifunza kila kitu kwa jasho anazijua hatua za kujifunza, na hatua hizo ndizo anazoziuza akiwa kocha.

Anayetaka kumkosoa Krueger atafute ushahidi kwenye timu alizozifundisha. Klabu alizokosa kuzichezea hazituambii lolote.

Dai la pili: Hoki ya Ulaya ni mahali pa kustaafia

Dai hili husemwa juu ya wachezaji, kisha huhamishiwa kwa makocha: anayevuka bahari ameshindwa nyumbani, na anayefundisha huko anafundisha waliochoka.

Kwanza tutazame uwanja. Uwanja wa NHL una upana wa karibu mita 26. Uwanja wa kimataifa, Krueger alipokuwa akifundisha Ulaya, ulikuwa wa mita 30. Mita hizo 4 hubadilisha kazi ya kila mtu. Beki anayemsogelea mshambuliaji haraka mno huachwa, kwa sababu pembeni kuna nafasi ya kumzunguka. Mlinda mlango hupata michomo ya pembe asizozizoea. Mchezaji mwenye kisahani anapata sekunde moja zaidi ya kufikiri, na katika mchezo huu sekunde moja ni mali. Mkanada aliyezoea kumbana mpinzani ukutani hufika Ulaya akakuta ukuta uko mbali.

Halafu kuna masharti ya ajira. Ligi nyingi za Ulaya huweka ukomo wa wachezaji wa kigeni. Kwa hiyo mgeni halipwi ili akae benchi. Asipofunga au asipoongoza, nafasi yake hupewa mgeni mwingine, wakati mwingine katikati ya msimu. Zaidi ya hayo, ligi nyingi za huko zina kushuka daraja, kitu kisichokuwepo NHL. Timu ya NHL ikishika mkia, hupata nafasi nzuri ya kuchagua vijana wapya. Timu ya Ulaya ikishika mkia, inaweza kupoteza mapato na hata uhai wake. Hayo ndiyo mazingira wanayoyaita ya kustaafia.

Krueger alijengea jina lake Feldkirch, mji mdogo wa magharibi mwa Austria, karibu na mipaka ya Liechtenstein na Uswisi. Klabu ya VEU Feldkirch ikiwa chini yake ilitwaa ubingwa wa Austria mfululizo kuanzia mwaka 1994. Mwaka 1998 ikafanya jambo ambalo klabu za miji mikubwa ya Ulaya zililitamani: ikatwaa Ligi ya Hoki ya Ulaya, ikiifunga Dynamo Moscow katika fainali. Klabu ya mji mdogo wa milimani iliifunga klabu ya mji mkuu wa taifa lililotawala hoki ya dunia kwa miongo mingi. Kazi ya namna hiyo haifanyi mtu aliyekwenda kupumzika.

Dai la tatu: Uswisi ilibahatika siku moja tu, Torino

Siku yenyewe ni tarehe 18 Februari 2006. Katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi mjini Torino, Uswisi iliifunga Kanada mabao 2–0. Kanada ilikuwa bingwa mtetezi wa Olimpiki, kikosi chake kikiwa kimesheheni nyota wa NHL. Mlinda mlango Martin Gerber aliokoa michomo 49. Mabao yote mawili yalifungwa na Paul DiPietro, mzaliwa wa Kanada aliyetwaa Kombe la Stanley na Montreal mwaka 1993, akahamia Uswisi na kuchukua uraia wa huko. Huyo ndiye mchezaji ambaye, kwa mujibu wa dai la pili, alikuwa amekwenda Ulaya kustaafu.

Nakubali kwamba hakuna timu inayozuia michomo 49 bila siku hiyo kuwa ya heri. Lakini bahati haidumu miaka 13. Krueger alipopewa timu mwaka 1997, Uswisi ilikuwa ikicheza daraja la pili la mashindano ya dunia. Mwaka 1998 ilirudi daraja la kwanza kwa kuwa ilikuwa mwenyeji. Wengi wangeridhika kama isingeaibika mbele ya watu wake. Ikamaliza ya 4. Mwaka 2000, mjini Saint Petersburg, iliifunga Urusi 3–2 mbele ya mashabiki wa Urusi wenyewe. Torino kwenyewe, kabla ya kukutana na Kanada, ilikuwa imeshaifunga Jamhuri ya Cheki, mabingwa wa dunia wa mwaka 2005. Mwaka 2010, mjini Vancouver, ilikutana tena na Kanada, safari hii katika uwanja wa vipimo vya NHL na mbele ya umati wa Wakanada. Ilifungwa 3–2 kwa penalti tu, mkwaju wa Sidney Crosby ukiamua. Kanada hiyohiyo ndiyo iliyotwaa dhahabu.

Vancouver inajibu hoja nyingine iliyokuwa ikijificha nyuma ya dai hili, kwamba mbinu za Krueger zinafanya kazi kwenye uwanja mpana pekee. Mita zile 4 hazikuwepo, na Kanada ilitaabika vilevile.

Wanaosema Uswisi ilicheza kwa kujihami sana wanasema kweli. Walirudi nyuma kwa wingi, wakawasukuma wapinzani pembeni ambako michomo hutoka kwenye pembe mbaya, wakaepuka makosa ya kijinga yanayomtoa mtu nje kwa adhabu, na wakahakikisha mlinda mlango wao anakiona kila kisahani kinachokuja. Haikuwa hoki ya kupendeza macho. Lakini kocha huanza na watu alionao, na Krueger hakuwa na washambuliaji wa kushindana kwa kufungana na Kanada au Urusi. Alichokuwa nacho ni wachezaji wenye nidhamu na walinda mlango wa daraja la juu, akaijenga timu juu ya hao.

Na aliacha nini? Tangu iliporudi mwaka 1998, Uswisi haikushuka daraja. Miaka 3 baada ya yeye kuondoka, mwaka 2013, ilitwaa medali ya fedha ya dunia chini ya Sean Simpson, medali yake ya kwanza katika mashindano hayo tangu 1953. Ikatwaa fedha tena mwaka 2018, 2024 na 2025 chini ya Patrick Fischer, ambaye alikuwa mchezaji wa Krueger katika timu ya taifa. Mark Streit, aliyekuwa nahodha wake, akawa nahodha wa New York Islanders mwaka 2011. Sifa za mafanikio hayo ni za wengi: klabu za Uswisi, walimu wa vijana, ligi yenye fedha na mashabiki. Lakini mazoea ya kuingia barafuni dhidi ya wakubwa ukiamini kwamba utashinda yalianza mbele ya macho ya kizazi hicho, na aliyekuwa benchi wakati yanaanza anajulikana.

Dai la nne: Edmonton walimfukuza kwa sababu alishindwa

Hapa hesabu itasema kuliko mimi. Katika NHL ushindi una pointi 2, na anayefungwa baada ya dakika 60 za kawaida hupata pointi 1. Msimu wa 2011–12, kabla Krueger hajawa kocha mkuu, Edmonton ilipata pointi 74 katika mechi 82, yaani wastani wa pointi 0.90 kwa mechi. Msimu wake mmoja, 2012–13, ulikatwa hadi mechi 48, kwa sababu wamiliki wa klabu waliwafungia wachezaji milango katika mgogoro wa mkataba. Alipata pointi 45: wastani wa 0.94. Msimu uliofuata, chini ya Dallas Eakins aliyewekwa mahali pake, timu ilipata pointi 67 katika mechi 82: wastani wa 0.82, ikawa ya 28 kati ya timu 30.

Sidai kwamba 0.94 ni ushindi mkubwa. Ni timu dhaifu iliyopiga hatua ndogo katika msimu mfupi, ikiwa na maandalizi ya siku chache tu. Lakini aliyekuwa akipanda alifukuzwa na timu ikashuka, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kufukuzwa kwake ni ushahidi wa kushindwa. Edmonton ilikaa misimu 10 mfululizo, kuanzia 2006–07 hadi 2015–16, bila kufika hatua ya mchujo, ikibadilisha kocha karibu kila ilipokata tamaa. Ugonjwa uliodumu misimu 10 hauwezi kuwa umeletwa na mtu aliyekuwa kocha mkuu kwa mechi 48.

Namna alivyoachishwa kazi nayo inaumiza. Juni 2013 alipewa habari kwa mazungumzo ya Skype, akiwa ng'ambo. Mtu aliyefundisha timu ya taifa miaka 13 alistahili kuambiwa ana kwa ana.

Walioujua mchezo hawakudanganyika. Miezi 8 baadaye Kanada ilikwenda Sochi, kwenye Olimpiki ya mwaka 2014, kucheza katika uwanja mpana ambao wachezaji wake wengi hawakuuzoea. Ikamwita Krueger awe mshauri. Katika mechi 6 Kanada ilifungwa mabao 3 tu, ikarudi na dhahabu. Benchi lilikuwa la Babcock na wachezaji walikuwa bora kuliko wote, hilo halina ubishi. Hata hivyo, taifa lililovumbua mchezo wenyewe liliona kwamba maarifa ya Krueger yana faida. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ingawa safari hii mgeni alikuwa mwana wa nyumbani.

Dai la tano: Mtu wa barafu anajua nini kuhusu soka?

Machi 2014 Krueger akawa mwenyekiti wa Southampton, na vicheko havikukosekana. Kiangazi cha mwaka huo vicheko viligeuka matanga. Adam Lallana, Rickie Lambert na Dejan Lovren walikwenda Liverpool, Luke Shaw akaenda Manchester United, Calum Chambers akaenda Arsenal, na kocha Mauricio Pochettino akahamia Tottenham. Wengi waliitabiria klabu kushuka daraja.

Kazi ya mwenyekiti si kupanga kikosi. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba klabu inajua inatafuta nini kabla mtu hajaondoka, fedha zinatumika mahali pake, na watu hawatapatapi. Alikuja Ronald Koeman kama kocha. Wakaja Dušan Tadić, Graziano Pellè na kijana wa Senegal aliyetoka Salzburg, Sadio Mané. Wanyama, aliyesajiliwa kutoka Celtic mwaka 2013, alibaki katikati ya uwanja. Southampton ikamaliza msimu wa 2014–15 ikiwa ya 7 kwa pointi 60, na uliofuata ikawa ya 6 kwa pointi 63. Mwaka 2017 ilitinga fainali ya Kombe la Ligi na kufungwa 3–2 na Manchester United.

Hapa lazima kipimo changu kifike mwisho wa safari. Msimu wa 2017–18 Southampton ilimaliza ya 17, nafasi moja juu ya shimo, na 2018–19 ikawa ya 16. Krueger aliondoka mwaka 2019. Klabu iliendelea kuuza, lakini waliokuja hawakuziba pengo kama waliotangulia, na mwenyekiti hawezi kukwepa sehemu yake ya lawama. Aliipokea ikiwa klabu ya katikati ya ligi, akaipandisha, akaiacha chini. Basi tuseme hivyo: alifanikiwa, kisha akateleza, kama wenyeviti wengi waliokulia kwenye soka tangu utotoni. Kinachokanushwa ni ile fikra kwamba kwa kuwa alitoka kwenye barafu hangeweza kufanikiwa hata kidogo. Misimu mitatu mfululizo ndani ya nafasi 8 za juu haipatikani kwa kubahatisha.

Dai la sita: Buffalo ilimaliza ubishi, mbinu za Ulaya haziwezi NHL

Hili ndilo dai zito, na nitaanza kwa kukubali ninachopaswa kukubali. Katika misimu yake miwili Buffalo ilishinda mechi 36, ikapoteza 49, na nyingine 12 ikazipoteza baada ya muda wa kawaida. Msimu wa pili ulikuwa ushindi 6 tu katika mechi 28. Jeff Skinner, mfungaji aliyelipwa fedha nyingi, aliwekwa nje kwa mechi kadhaa na alimaliza msimu huo akiwa na mabao 7. Mwaka uliofuata, chini ya kocha Don Granato, Skinner huyohuyo alifunga 33. Tage Thompson, ambaye Granato alimhamishia katikati, alifunga 38. Vipaji vilikuwepo na Krueger hakuvitoa. Hilo ni kosa la kocha, na halitetewi.

Yapo ya kuongezwa ili picha ikamilike. Ulikuwa msimu wa korona. Maambukizi yaliikumba timu na kocha mwenyewe akaugua. Nahodha Jack Eichel aliumia shingo mwezi Machi. Baada ya Krueger kuondoka, mkosi uliendelea hadi ukafika mechi 18 bila ushindi. Tena Buffalo haikuwa imefika hatua ya mchujo tangu mwaka 2011. Kabla yake walipita Dan Bylsma, aliyetwaa Kombe la Stanley na Pittsburgh mwaka 2009, na Phil Housley, mmoja wa mabeki wakubwa wa Marekani, aliyemo katika Ukumbi wa Heshima wa hoki. Mmoja alikuwa kocha bingwa, mwingine mchezaji wa kiwango cha juu, wote wamelelewa na NHL, na wote walifukuzwa Buffalo. Kama kushindwa huko kunathibitisha kwamba Ulaya haifai, basi kwa ushahidi huohuo hata NHL yenyewe haifai.

Lakini jibu kamili liko Toronto, Septemba 2016. Kwenye Kombe la Dunia la Hoki, Krueger alikabidhiwa kikosi kilichoitwa Timu ya Ulaya, chenye wachezaji wa mataifa 8 yasiyokuwa na timu zao pale: Slovakia, Slovenia, Uswisi, Ujerumani, Denmark, Norway, Austria na Ufaransa. Hawakuwa na bendera moja wala wimbo mmoja wa taifa. Katika mechi za maandalizi walifungwa vibaya na vijana wa Amerika Kaskazini, na wengi wakawachukulia kama wasindikizaji. Mashindano yalipoanza waliifunga Marekani 3–0, wakaifunga Cheki 3–2 katika muda wa nyongeza, na kwenye nusu fainali wakaitoa Sweden 3–2, pia katika muda wa nyongeza. Fainali walikutana na Kanada. Katika mechi ya pili ya fainali hiyo waliongoza hadi dakika za mwisho kabisa, Kanada ikasawazisha, kisha Brad Marchand akafunga la ushindi zikiwa zimebaki sekunde 43.

Uwanja ulikuwa wa vipimo vya NHL. Wapinzani walikuwa nyota wa NHL. Kocha alikuwa Krueger na mbinu zilikuwa zilezile. Dai la kwamba mbinu hizo haziwezi hapo haliwezi kusimama mbele ya fainali hiyo.

Tofauti ya Toronto na Buffalo iko kwenye aina ya kazi. Mashindano ya wiki mbili humpa kocha wakongwe walio tayari kujinyima kwa ajili ya timu, na kila mechi ni ya kufa au kupona. Msimu wa mechi 82 una vijana wanaohitaji uhuru wa kukosea ili wakue, na siku nyingi za uchovu ambapo maneno ya kutia moyo huchuja. Krueger ni hodari sana katika kazi ya kwanza na ni dhaifu katika ya pili. Huo ni udhaifu wa mtu, unaweza kutajwa na kupimwa. Kuutwika bara zima ni kuukwepa uchunguzi. Kocha Ivan Hlinka, aliyetoka Cheki, aliifikisha Pittsburgh kwenye fainali ya Kanda ya Mashariki mwaka 2001. Hakuna aliyesema siku ile kwamba Ulaya imeshinda.

Tena, huyo anayeitwa Mzungu wa Ulaya ni mzaliwa wa Winnipeg. Uswisi walimhesabu Mkanada, Kanada wakamhesabu mtu wa Ulaya. Kila upande uliutumia ugeni wake kueleza yasiyopendeza, na mafanikio yake ukayagawa kwa wengine.

Hukumu inayostahili

Tukifuata kipimo cha alichokuta na alichoacha, tunapata hukumu isiyolingana na maneno ya mitaani. Feldkirch na Uswisi alifaulu kwa kiwango ambacho makocha wachache wa kizazi chake walikifikia nje ya nchi zao. Edmonton alionewa. Southampton alipanda, kisha akashuka. Buffalo alishindwa.

Wanaopoteza kwa hukumu za haraka si makocha peke yao. Klabu inayoamini kwamba ughaibuni hakuna cha kujifunza inajifungia nje ya maarifa ambayo washindani wake watayachukua. Shabiki anayetosheka na tarehe ya kufukuzwa hawezi tena kuwauliza viongozi wake kwa nini makocha wanapita na matokeo yanabaki palepale. Kila mchezaji au kocha wetu anayefunga virago kwenda kutafuta riziki mbali anastahili tuulize alikuta nini na aliacha nini, kabla hatujauliza kwa nini alirudi. Krueger anastahili maswali hayohayo, na Buffalo, iliyofukuza kocha baada ya kocha, inastahili kuulizwa zaidi yake.